Kitambulisho cha Makongeni

Msikilizaji, taarifa ya habari imegusa vitambulisho. Hapa Kwale neno hilo lina uchungu wake.

Wamakonde walitoka Msumbiji enzi za mkoloni, wakaja kufanya kazi kwenye mkonge na miwa ya Ramisi. Bendera ikapandishwa Desemba 1963, wao wakabaki palepale bila karatasi. Mzee Kenyatta akapita. Moi akatawala miaka 24. Watoto wakazaliwa, wakazaa wajukuu, na mjukuu naye hana kitambulisho: laini ya simu asajiliwe na jirani, benki asiingie, kura asipige.

Kibaki alipokuwa Ikulu, Katiba ya 2010 na sheria ya uraia ya 2011 zilifungua mlango. Lakini sheria haikutembea yenyewe hadi Makongeni, kule Msambweni. Oktoba 2016 Wamakonde ndio waliotembea, kutoka Kwale hadi Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Nasema wazi, hiyo haikuwa hisani. Ilikuwa haki, na ilichelewa zaidi ya miaka 50.

Wapemba, wavuvi wetu wa Shimoni na Vanga, walingoja hata zaidi, hadi 2023, wakati wa William Ruto. Mvuvi asiye na kitambulisho hapati leseni, kwa hiyo huivua bahari yake kama mwizi.

Sasa kadi iko mfukoni. Hati ya shamba, kwa wengi wao, bado. Serikali ya kaunti na Tume ya Ardhi wanaijua njia ya Makongeni.