Tairi la Pawatila: Kulifunga Nyumbani au Kulipeleka kwa Fundi?

Mada kwa wakulima na mafundi wa matairi, Geita



Kwenye mgodi mkubwa wa hapa Geita kuna malori ambayo tairi lake moja linamzidi mtu kimo. Kulibadilisha ni kazi yenye watu wake, mitambo yake na taratibu zake zilizoandikwa. Ukitoka hapo kwenda Nyang'hwale, Mbogwe au Bukombe unakuta pawatila yenye tairi la rimu ya inchi 12, ambalo mtoto wa shule anaweza kulisukuma. Tairi hili halina taratibu zozote. Kila mtu hulifungua anavyojua, ama chini ya mwembe kwa mtarimbo na nyundo, ama barabarani kwa fundi wa pancha mwenye kompresa. Msimamo wangu nautaja mapema: mkulima anaweza kabisa kuifanya kazi hii nyumbani, mradi awe na kipimo cha upepo. Na fundi asiye na kipimo asipewe tairi, hata kama amekaa kazini miaka mingi.

Pawatila zilienea wilayani hasa baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Zilikuja na mafunzo ya kulima na kubadilisha oili, lakini habari ya magurudumu iliachwa kwa mkulima mwenyewe. Naye hukutana nayo wakati mbaya. Mvua za Oktoba na Novemba zikishalainisha udongo, siku za kulima ni chache, na pancha haingoji. Kubeba gurudumu kwa bodaboda hadi mjini, kupanga foleni nyuma ya malori na bajaji, kisha kurudi, ni siku nzima imepotea. Wenye majaruba huvua matairi na kufunga magurudumu ya chuma, kwa hiyo kufungua nati wanakujua vizuri. Kinachobaki ni kulitoa tairi kwenye rimu, na hapo ndipo penye hatari.

Rimu nyingi za pawatila ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa boliti. Boliti hizo hukaa karibu na nati zinazoshika gurudumu kwenye mashine, na kwa mtu mwenye haraka zote zinafanana. Akizilegeza boliti za rimu wakati tairi lina upepo, vipande huachana kwa kishindo na kumrukia aliyeinama juu yake. Upepo wa psi 30 maana yake ni kwamba kila inchi moja ya mraba ndani ya tairi inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 14. Zidisha kwa eneo lote la tairi, utapata maelfu ya kilo yanayosubiri boliti ya mwisho ilegee. Kwa hiyo kazi huanza kwenye valvu: ng'oa sindano yake, acha upepo utoke wote, pitisha waya mwembamba kuhakikisha njia haikuziba, ndipo ushike spana. Tafadhali mfundisheni hivyo kila kijana anayeendesha mashine yenu, hata kama hamtamfundisha kingine.

Kufunga kuna mambo yake pia. Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa, kwa sababu mwiba au kipande cha jiwe kilichotoboa tyubu mara nyingi bado kipo. Huku kwetu, ambako mawe yenye makali humwagwa kandokando ya maduara ya wachimbaji, hilo si la kupuuza. Paka kingo za tairi maji ya sabuni. Grisi na oili huharibu mpira. Jaza upepo kidogo, utoe, kisha ujaze tena ili tyubu isibaki imejikunja. Meno yenye umbo la V yaelekezwe ili ncha ya V iguse ardhi kwanza mashine inapokwenda mbele, la sivyo gurudumu litateleza kwenye tope.

Watengenezaji wa matairi ya matrekta huonya kwamba wakati wa kulikalisha tairi kwenye rimu, upepo usizidi psi 35. Kompresa iliyozoea malori hubeba zaidi ya psi 100, na tairi dogo hupita kikomo hicho kwa sekunde chache. Pampu ya mkono au ya mguu inachosha, lakini inampa mtu muda wa kusoma kipimo. Ndiyo maana nasema mkulima mwenye pampu na kipimo yuko salama kuliko fundi mwenye kompresa anayepima upepo kwa kulipiga tairi teke.

Zipo kazi za kumwachia fundi: tairi la nyuma la trekta kubwa, tairi lililojazwa maji, rimu iliyopinda au kupasuka. Asiichomelee rimu tairi likiwa bado juu yake, hata kama halina upepo, kwa kuwa mpira ukipata joto hutoa gesi inayoweza kulipuka. Na asiwashe petroli ili kulikalisha tairi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na banda la pancha ni mahali pa kazi. Fundi anahitaji kizimba cha chuma kwa matairi ya malori, na mpira mrefu wa upepo unaojishika wenyewe kwenye valvu, ili asimame mbali bila kuuelekea ubavu wa tairi.

Naviomba vikundi vinavyomiliki pawatila kwa pamoja vinunue kipimo kabla ya msimu, na maafisa ugani waliingize somo la matairi katika mafunzo yao. Chagueni kipimo kinachoishia psi 60 hivi. Cha malori hakisomeki vizuri kwenye upepo mdogo.