Kusafisha Ngama ya Mashua ya Injini

Jioni hii sitasema habari za vitabu, bali habari za mahali pachafu kuliko pote katika chombo, yaani ngama. Wakaao bara huenda hawalijui neno hili. Ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku, yakusanyikapo maji yote yaingiayo: ya mawimbi, ya mvua, na yale yapenyayo katikati ya mbao. Zamani yalikuwa maji tu. Baharia aliyafua kwa upo, akayamwaga, na bahari haikupata dhara. Tangu vyombo vyetu vilipotiwa injini, maji hayo yamechanganyika na mafuta.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2014, nilivuka na wanafunzi wangu wa ualimu kutoka Nyamisati, katika delta ya Rufiji, kwenda Kilindoni, Mafia. Kusi ilikuwa ikivuma. Tulipofika katikati mashua ilianza kuwa nzito, na baharia alipovuta bomba, hata tone halikutoka. Mbao za sakafu zilipofunuliwa tuliona maji meusi yamefika kwenye gurudumu zito la injini, nalo likiyarusha juu ya nyaya za umeme. Mara injini ikazimika. Tulifua maji kwa ndoo na sufuria muda wa karibu saa nzima, na wanawake wawili wakilia. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na tambara lililojaa grisi. Lakini maji yalikuwa yakiingia wapi? Hapana aliyeweza kujibu, kwa kuwa uchafu ulikuwa umefunika kila kitu. Siku ya pili, ngama iliposafishwa, ilionekana kwamba mpira uletao maji ya bahari ya kupoza injini ulikuwa umelegea mahali ulipofungwa. Kazi ya kuukaza haikuchukua hata dakika tano.

Mimi si fundi. Niyasemayo nimeyapata kwa mafundi wa pwani. Kwanza zima injini, uiache ipoe, ufunue mbao zote ili upepo upite. Ikiwa injini ni ya petroli, jihadhari sana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukalala ngamani, na cheche moja ya swichi yatosha kuipasua mashua. Usisikie harufu yake ukawasha kitu chochote, hata taa.

Pili, ondoa mafuta kabla ya maji. Mafuta ni mepesi kuliko maji, huelea juu. Ukianza na bomba utayakoroga, na baadaye kuyatenga ni taabu. Hapa tunacho kitu kizuri ambacho wengi hukilalia tu, nacho ni sufi ya magodoro. Sufi hukataa maji, lakini hunywa mafuta mara nyingi kuliko uzito wake yenyewe. Jaza sufi katika mfuko wa kitambaa chepesi, ushone mdomo wake imara, uutembeze juu ya maji ya ngama. Utatoka mweusi na mzito. Ukamue ndani ya debe lenye kifuniko, kisha uurudishe. Madukani huuzwa vitambaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, ila bei yake si ya mvuvi.

Ndipo utoe maji kwa bomba au kwa upo, uyatie katika pipa, si baharini. Yaache usiku kucha, mafuta yaliyosalia yaelee, uyaengue. Kisha kwangua tope zito kwa kipande cha ubao, na kwa kijiti uzibue matundu yaliyo chini ya mataruma yapitishayo maji.

Wako watu wapendao njia ya mkato: humimina sabuni nyingi ngamani, wakawasha bomba, na wakiona hapana rangi juu ya bahari husema kazi imekwisha. Sabuni haiyaondoi mafuta. Huyavunja yakawa matone madogo mno, yakazama pamoja na maji mpaka kwenye mashavu ya samaki. Tumia sabuni kidogo mwishoni, na maji hayo pia uyatie katika pipa.

Mvuvi mmoja aliniuliza, mbona wazee walipaka vyombo sifa, nayo ni mafuta ya papa? Swali lake ni la haki. Lakini sifa hupakwa kwa kiasi, ikanyweka katika ubao. Mafuta yaliyotumika katika injini yana chembe za chuma na masizi. Mchu, ule mkoko wa matopeni, hupumua kwa mizizi iliyosimama juu ya tope. Mafuta yakiifunika mizizi, mti hufa, na kamba wachanga wa Rufiji hukosa makao. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1973, uliorekebishwa mwaka 1978 na kuanza kutumika mwaka 1983, waruhusu maji ya ngama ya meli yamwagwe yakiwa na mafuta yasiyozidi sehemu 15 katika milioni. Hiyo ni sawa na kijiko kimoja kikubwa katika mapipa 5 ya lita 200. Macho hayawezi kupima hayo, basi ni afadhali kuyapeleka yote pwani, na mafuta machafu kwa wayakusanyao gerejini.

Ngama ikikauka, tandika gazeti la zamani chini ya injini usiku mmoja, na asubuhi utaona tone limeanguka wapi. Uliondoe kabla ya safari, lisije likaziba bomba. Tena chomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Ukiyaona meupe kama tui, ujue maji yameingia ndani. Usiiwashe, mwite fundi kabla ya kung'oa nanga.