Hiari ya Mja na Hukumu ya Watu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Nyakalengija)



Nimetakiwa niseme machache juu ya hiari ya mwanadamu. Wanazuoni wamelijadili jambo hili tangu kale. Jabriya walisema mja hana hiari, ni kama unyoya katika upepo. Kadariya wakasema kila tendo ni lake mwenyewe. Wengi wa wanazuoni wetu walishika njia ya kati: Mwenyezi Mungu amekadiria, na mja ataulizwa aliyoyachuma.

Lakini sisi tuishio chini ya milima ya Rwenzori hatuwezi kuliacha swali hili vitabuni. Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 walirudi huko huko, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha, na wengine wakawachukua mateka. Miongoni mwa waasi wamo waliokwenda kwa miguu yao, na wamo waliotekwa wangali watoto wakapewa bunduki. Je, hukumu yao ni moja?

Swali kama hilo lilifika mahakamani Gulu. Thomas Kwoyelo alitekwa na waasi wa LRA mwaka 1987, akiwa njiani kwenda shule. Akakua, akawa kamanda, akatenda maovu makubwa. Agosti 2024 Mahakama Kuu ilimtia hatiani, na Oktoba ikamhukumu kifungo cha miaka 40. Majaji walizingatia kwamba alitekwa mtoto, wasimpe adhabu ya kifo; lakini hatia hawakuifuta.

Hapo naona mizani. Sharia haimwandikii mtoto dhambi hata abaleghe. Akisha kubaleghe, ataulizwa. Aliyelelewa katika uovu ana mlango mwembamba wa kutokea, ila mlango anao. Tukisema hana, tumemfanya mnyama. Tukisema ni mpana kama wetu, tumemdhulumu.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwafungulia njia walioweka silaha chini. Lakini serikali hutoa cheti. Makazi hutolewa na jirani. Kijana akirudi kutoka msituni, nasi tukamwita muasi kila apitapo, tukamnyima kibarua shambani na nafasi katika safu msikitini, mlango wake tunauziba kwa mikono yetu, kisha twastaajabu akirejea alikotoka.

Wala simwamrishi mama aliyezika mwanawe asamehe. Haki hiyo ni yake, na hakuna awezaye kuisamehe kwa niaba yake. Yampasa mkosaji amwendee, akiri, na aombe. Sisi tusiofiwa, kazi yetu ni kuifanya njia hiyo ipitike.

Wabillahi tawfiq.