Hesabu ya Mali ya Sadaka

Ndugu Waislamu wa Gisenyi, Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, alitumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka za Banu Sulaim. Aliporejea alitenga mafungu mawili: moja la Waislamu, na jingine akadai kuwa ni zawadi yake. Mtume alimhesabu, kisha akauliza mimbarini kama zawadi hiyo ingalimfikia lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake.

Basi mtunza hazina asikasirike akiombwa daftari. Kila faranga iandikwe siku iingiapo, na mtoaji apewe stakabadhi. Mfuko wa zaka usichanganywe na wa sadaka, kwani zaka ina wenyewe, mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tauba, na rangi ya ukuta wa msikiti haimo. Hapo wengi huteleza, si kwa wizi, bali kwa haraka.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 iliamuru sadaka za jumuiya za dini zipitie benki. Ni vema, lakini benki haijui kama mjane aliyeandikiwa fedha alizipokea. Karatasi yenye dole gumba lake ikaguliwe na watu wawili waaminifu. Siku ya Ijumaa isomwe jumla tu, jina la mjane lisitirike.