Shimo Lisilofunikwa



Wapendwa waamini, Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chamwamuru aachaye shimo wazi amlipe mwenye ng'ombe aliyetumbukia humo. Je, mtoto si zaidi ya ng'ombe?

Tuitazame basi mitaro yetu hapa Tunduma. Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 60, wenye unene wa sentimita 10, una uzito wa kilo 86 hivi. Mzibuaji huumia vidole na mgongo. Akishindwa kuurudisha, mtaro hubaki wazi.

Ipo mifuniko ya nyuzi za kioo na gundi ya plastiki: ni myepesi zaidi, wala haimvutii mwizi wa vyuma chakavu. Bali yapitapo malori, iwekwe ile tu iliyopimwa kwa mzigo huo.

Viongozi wa jumuiya, ipelekeni hoja hii kwenye mkutano wa mtaa. Kufunika shimo ni haki, si fadhila.