Askari, Redio na Uvumi

Kacyiru, mjini Kigali, ndiko yaliko makao makuu ya Polisi ya Taifa ya Rwanda. Katika barabara za mtaa huo hupita raia na askari wenye simu mikononi, kila mmoja akipokea habari ambazo hazikupitiwa na mhariri yeyote.

Nchi hiyo inaijua vyema gharama ya habari za namna hiyo. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, haikuanza kwa kutaka damu. Ilianza kwa muziki wa Kikongo na mizaha, na vijana wakaipenda. Masikio yalipokwisha kuzoea, ndipo likaja lile lililokusudiwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilitaja majina ya watu, maficho yao, hata namba za magari. Na kwenye vizuizi vya barabarani wauaji walikuwa wakiisikiliza. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.

Amri ya kijeshi ina mtoaji, cheo na saa. Ujumbe unaozagaa simuni hauna hata kimoja kati ya hivyo. Lakini ukisambazwa na mtu aliyevaa sare, raia huupokea kama tangazo la serikali, naye hufunga duka lake au huchukua panga.