Kodi ya Nyumba, na Kijiji Kilicho Mbali
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Golf, Lubumbashi)



Kodi ya zamani ambayo wazee wetu waliijua haikuhesabu nyumba, ilihesabu vichwa. Kwa dekreti ya mwaka 1914 kila mwanaume mzima mwenye nguvu alilipa, na mwenye bibi wengi aliongezewa. Franka haziote katika shamba la mihogo. Ndiyo sababu wengi walishika njia ya migodi.

Kodi ya nyumba na ya udongo ilitengenezwa na sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Sikilizeni namna inavyokwenda. Haitazami bei. Inatazama daraja la mahali na ukubwa: villa hupimwa kwa meta mraba, nyumba nyingine hukatiwa jumla kufuata ghorofa. Hapa Golf villa ni nyingi, mtoza kodi harudi mikono mitupu. Lakini nendeni mbali, kule kadasta haijafika. Nyumba ni ya udongo na nyasi, hati hakuna, na ardhi yenyewe tangu sheria ya 1973 ni mali ya Serikali. Utatoza nini? Mafuta ya pikipiki yatashinda pesa atakayookota. Tena Katiba ya 2006 imesema kodi hiyo ni ya jimbo, si ya sheferi.

Basi, kijiji kilichokaa juu ya shaba kitajenga shule kwa pesa gani? Sisi makarani tunaandika tani. Wachache wanauliza mrabaha wa tani zile unakwenda wapi. Sheria ya migodi, iliposahihishwa mwaka 2018, iliugawa hivi: 50 kwa mia Serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vitakavyokuja, na 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambamo madini yanachimbwa. Hizo 15 kompani inazitia katika konti ya sheferi yenyewe. Hazipaswi kupita kwa gavana.

Lakini kijiji si sheferi. Kijiji hakina konti. Kinangoja.

Kwa hiyo, hapa mjini ukilipa kodi, omba karatasi yenye muhuri. Na ukienda likizo kwenu, muulize shefu: zile 15 ziliingia mwezi gani, zimejenga nini? Muulize mchana, mbele ya watu, si usiku nyumbani kwake.